Bi Harusi, Foronya Zako Shona Mwenyewe



Leo tunasema maneno yanayoiumiza biashara yetu wenyewe, basi mtuvumilie. Sisi tunauza vitu vya chumba cha bi harusi: shuka, foronya, mapazia, mito ya makochi, misala. Ndiyo riziki yetu. Na ni sisi hao hao tunaokuambieni leo: msikope vitu hivi. Msikope kwetu wala kwa mwengine. Mwenye pesa yake mkononi aje anunue, tutamhudumia kwa furaha na punguzo tutampa. Lakini wewe ambaye mahari yako imeshaliwa na kitanda na kabati, na sasa unatafuta wa kukuandika kwenye daftari ili chumba kikamilike, kaa kwanza tuzungumze. Sehemu kubwa ya unachotaka kukikopa unaweza kukishona mwenyewe kwa wiki mbili za jioni, kwa kitambaa ambacho pengine kimo ndani ya sanduku la mama yako.

Mwaka juzi alikuja kwetu bi harusi mmoja na mama yake mdogo, harusi imebaki wiki tatu. Alichagua seti ya kitanda ya rangi ya maziwa yenye nakshi za dhahabu, mapazia ya tabaka mbili, kava sita za mito ya kochi, zulia dogo la pembeni mwa kitanda na misala miwili ya mahameli. Hesabu ikaja 620,000. Mkononi alikuwa na 200,000. Tukamwandika baki 420,000, kila mwezi alete 70,000, miezi sita deni limekwisha. Tulijua kwamba hana kazi. Hilo tulilijua siku ile ile na tukaandika tu, kwa sababu mapazia yale yalikuwa yamekaa dukani muda mrefu.

Miezi miwili alileta. Mwezi wa tatu simu haikupokelewa, wa nne vile vile. Mwezi wa tano tukafunga duka saa tisa tukamfuata nyumbani kwake, ambako alikuwa anaishi na wakwe. Mlango alifungua mavyaa wake. Akatukaribisha vizuri, akauliza tumetoka wapi, na sisi bila ya kufikiri tukasema tumetoka dukani, tumefuata baki ya mapazia. Mama wa watu alinyamaza. Akageuka akalitazama dirisha la chumba cha mwanawe. Yule bi harusi alipotoka amejitanda mtandio wake, alituamkia kama watu asiowajua.

Kumbe mumewe alikuwa anajua kila kitu kimetoka kwenye mahari. Jioni ile yalisemwa mengi katika nyumba ile, hayatuhusu kuyaeleza hapa. Ndoa alhamdulillah ipo. Lakini baki ile alikuja kuilipa mume mwenyewe, 280,000, akaihesabu mezani kwetu noti kwa noti bila ya kutuangalia. Pesa ilikuwa haki yetu, ila siku ile hatukuwa na raha nayo. Tangu siku hiyo bi harusi hatumkopeshi, na tukiulizwa sababu tunaeleza kama tulivyoeleza hapa.

Hadithi hii tumeisema kwa sababu watu wakizungumza juu ya deni la harusi huzungumza kuhusu ukumbi na pilau, wakalisahau hili dogo dogo la ndani. Deni la ukumbi huchukuliwa na wazazi au kamati. La mapazia hulichukua bi harusi mwenyewe, kimya kimya, na huingia nalo ndani ya ndoa. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na deni, na alipoulizwa alieleza kwamba mwenye deni akizungumza husema uongo na akiahidi huvunja ahadi. Sasa mtazameni yule dada yetu. Simu hazipokei, mumewe hakumwambia kweli, mavyaa wake kapata habari mlangoni. Hakuwa mtu muongo. Mapazia ndiyo yaliyomfikisha huko.

Halafu kuna suala la mahari. Mahari ni mali ya mwanamke, imo katika Surat An-Nisaa, aya ya 4, na wala haikusemwa pale kwamba ni mali ya duka la mapazia. Tunajua mila zetu, tunajua kwamba hapa kwetu pesa hiyo mara nyingi huingia kwenye kitanda na vyombo, na hatusemi ni haramu maana mwenye mali akiridhia ni hiari yake. Tunachosema ni kwamba angalau kipande kibaki. Tumemuona bi harusi mmoja aliyebakisha kiasi akanunua cherahani ya mkono iliyotumika, na leo anashona sare za skuli. Wengine mia tuliowaona wamebaki na pazia ambalo jua limeshalibabua.

Na ukitaka mfano wa chumba cha bi harusi, mtazame Bibi Fatima, Mwenyezi Mungu amridhie. Mtoto wa Mtume, na imepokewa kwamba alichotayarishiwa kwenda nacho nyumbani kwake kilikuwa kitambaa cha kujifunika, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa majani ya idhkhir. Majani, dada zetu. Sisi tukiuliza siku hizi, "mito umejaza nini?" tunataka tuambiwe manyoya ya kutoka ng'ambo.

Basi tuanze na hizo foronya, maana ndizo rahisi kuliko vyote na ndizo wanazozitazama watu wakija kuangalia chumba. Mto wa kawaida wa kulalia una urefu wa sentimita 70 na upana wa 50. Pima na wako usituamini sisi, maana mito ya siku hizi kila mmoja na kipimo chake. Nunua kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 115, mita moja na robo tatu, kitakupa foronya mbili. Kifue kabla ya kukikata. Hili tunalisisitiza kwa sababu pamba hunywea, na foronya iliyonywea baada ya kushonwa humbana mto ukawa kama kiazi. Kikikauka kipige pasi, kisha kata vipande viwili, kila kimoja upana 54 na urefu 165.

Chukua kipande kimoja, pinda ncha zake mbili fupi ushone pindo nyembamba. Kitandaze mezani uso wa kitambaa ukuangalie. Sasa kiwazie kama kina sehemu tatu: 70 ya mgongo, 70 ya mbele, na 20 ya ulimi utakaoingia ndani kuushika mto. Anza kuukunja mgongo uje juu ya mbele, uso kwa uso. Halafu ule ulimi wa sentimita 20 ukunje uje juu ya mgongo. Mpangilio huu usiugeuze, wengi wanaanza na ulimi, wakipindua foronya ulimi unatokea nje wanadhani wamerogwa. Shona pande mbili ndefu, pindua, tia mto. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Ukishona kwa mkono kwa sindano ndogo, mishono ya karibu karibu, foronya moja ni jioni moja. Kwa cherahani ni dakika ishirini, na hizo ishirini ni za mtu anayejifunza.

Sisi tulipokwenda kusomea ushoni baada ya fomu foo, foronya ndiyo iliyokuwa kazi ya wiki ya kwanza, na mwalimu wetu alikuwa anazifumua zilizokwenda mshazari mbele ya darasa zima. Tulimchukia. Sasa tunamuombea dua.

Ukitaka zipendeze zaidi, darizi pembe moja tu. Bibi zetu walikuwa wanadarizi foronya nzima, maua na ndege na majani, kazi ya miezi. Muda huo hatuna na si lazima tujifanye tunao. Ua moja dogo kwenye pembe, au herufi ya kwanza ya jina lako na ya mumeo, linatosha. Mwenye bibi aliye hai anayejua kudarizi na kufuma vitambaa vya makochi, mwende mkakae naye alasiri mbili tatu kabla ya harusi. Mtapata zaidi ya mshono, maana akina bibi sindano ikiwa mkononi ndipo wanaposema yale ambayo hata somo hayasemi.

Mito ya kochi sasa. Hapa ndipo kanga zinapofanya kazi, na kila bi harusi ana kanga za zawadi asizoweza kuzivaa zote. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, mbele unakata kipande kimoja cha 43 kwa 43, na nyuma unakata vipande viwili vya 43 kwa 30 vitakavyopandiana katikati. Kanga moja inatoa kava mbili, doti moja inatoa nne, na mabaki yanatosha vishikio vya sufuria. Kabla ya kukata itandaze chini uiangalie. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji ukiuweka katikati ya mto unapata sura nzuri sana, na pindo litumie nyuma. Jina je? Sisi hukata jina tukaliweka mbele pale tu linapokuwa la kheri na la mapenzi. Kanga ya kumsema jirani usiiweke sebuleni kwako, wageni watajiuliza umewakusudia nani.

Kanga mpya hutoa rangi. Watu watakwambia itie kwenye maji ya chumvi rangi ishike. Sisi tumejaribu mara nyingi, chumvi haikutuzuilia kitu. Iloweke peke yake kwenye maji ya baridi, ifue, irudie mpaka maji yatoke safi, ndipo uikate. Nyekundu na nyeusi zina tabu zaidi kuliko zote.

Ndani ya mito jaza sufi. Bado ipo, bado kuna watu wanaiuza kwa mfuko, na ukiwa na ndugu shamba mwenye msufi huinunui kabisa. Ichambue mbegu zote kwanza, kazi ya kuchosha lakini ni ya mazungumzo, ifanyeni na wifi zako. Usiitie moja kwa moja ndani ya kava ya kanga, itapenya na kukuwasha. Shona kwanza mfuko wa ndani kwa marekani iliyofumwa vizuri, jaza sufi mpaka iwe ngumu kidogo kuliko unavyotaka, maana itashuka, kisha shona mdomo wa mfuko uufunge kabisa. Kava ndiyo itakayovuliwa na kufuliwa, mfuko wa sufi haufuliwi. Mto ukilala, uanike juani saa chache, utafura tena. Sufi haitaki maji, na haitaki moto: inashika haraka mno, na hilo tutalirudia tukifika kwenye udi.

Misala ndiyo kazi tunayoipenda kuliko zote. Bi harusi kumshonea mumewe msala wa kusalia kwa mkono wake mwenyewe, tuambieni zawadi gani ya dukani inaifikia hiyo. Unataka kitambaa cha juu, kitambaa cha chini, na katikati kipande cha blanketi kuukuu au taula mbili zilizochakaa. Kata vyote 72 kwa 117. Weka blanketi chini, juu yake kitambaa cha chini uso ukiwa juu, halafu kitambaa cha juu uso ukiwa chini. Shona kuzunguka ukiingia sentimita moja, uache nafasi ya kiganja na nusu upande mmoja. Pindulia hapo, piga pasi, ziba nafasi, kisha pitisha mistari ya mshono kutoka juu hadi chini kila baada ya kiganja kimoja ili blanketi isitembee ndani. Chagua kitambaa kilichotulia, kisicho na michoro mingi, macho yakae mahali pa kusujudu. Umekwisha. Ule wa mahameli unaonunuliwa dukani hung'aa kweli, tunakubali, lakini hung'aa mwaka wa kwanza tu, na kwenye joto letu la mwezi wa pili paji la uso linajua.

Tunajua mtakachosema. Mtasema watu watasema. Wakwe watakuja, mashoga watakuja, simu zitatolewa picha zipigwe, na chumba cha fulani kilikuwa na pazia mpaka chini na taa za rangi. Ni kweli watasema. Ila tumekaa katika kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba watu hawaangalii bei, wanaangalia usafi na mpangilio. Shuka nyeupe ya kawaida iliyopigwa pasi ikavutwa ikakaza, foronya nne za rangi moja, chumba kinachonukia, hapo mdomo unakosa la kusema. Na akikuuliza shoga yako umenunua wapi, jibu lako ni tamu. Juzi tumeona picha ya mito ya kanga iliyoshonwa na bi harusi wa Pemba, mashaallah, sisi wenyewe tuliona wivu wa kikazi.

Wapo pia watakaosema hawajui kushona kabisa na harusi ni wiki ijayo. Sawa. Nenda kwa jirani fundi, mpelekee kanga zako na kipimo, mlipe ujira wa mikono yake. Mtaa gani hauna mwanamke mwenye cherahani barazani? Pesa kidogo itatoka, lakini itatoka mkononi mwako ikamfikia mwanamke mwenzako, na hakuna daftari. Bibi Zainab binti Jahsh, mke wa Mtume, alikuwa akifanya kazi za mikono na akitoa sadaka kwa alichokipata. Kazi ya mikono haijawahi kuwa aibu kwetu, sijui ni lini tulianza kuionea haya.

Sasa harufu. Chumba cha bi harusi bila ya harufu si chumba, na hapa nako watu wanakopa. Chupa za manukato, masanduku ya udi yaliyofungwa utepe. Kupika udi mwenyewe kunataka sukari ya moto na mkono uliozoea, kwa hiyo mara ya kwanza kaa na mtu mzima anayejua, tusikudanganye hapa kwa maneno. Lakini kikuba hakina hatari na hakina gharama. Asumini zichumwe jioni zikiwa bado vikonyo, hazijafunguka, zitafunguka usiku ndani ya chumba chako. Changanya na mrehani, majani ya mkadi yaliyochambuliwa membamba, na waridi ukipata. Funga kwa uzi, kimoja mtoni, kimoja kwenye nguo. Ukitaka nguo za kabatini zinukie, shona vifuko vidogo kwa mabaki ya kitambaa chembamba, tia karafuu chache kavu, funga mdomo. Usizimwage karafuu juu ya nguo zenyewe, zina mafuta, zitaacha alama kwenye nguo nyeupe.

Na kuhusu chetezo, mtusikilize vizuri, maana tunawaona maharusi wanavyojifungia. Makaa ya moto ndani ya chumba kilichofungwa madirisha na mlango hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na harufu nzuri ya udi haiiondoi. Inaua. Fukiza ukiwa dirisha wazi, ukimaliza toa chetezo nje, usilale nacho chumbani hata kama moto unaonekana umezima. Usikiweke chini karibu na mito ya sufi wala karibu na pazia. Ukifukiza nguo kwenye tundu, kaa hapo hapo mpaka umalize.

Chetezo chenyewe kama ni cha shaba na kimekuwa cheusi, usikinunulie dawa. Nusu ya ndimu uichovye kwenye chumvi usugue, au ukwaju ulioloweka, halafu ukisuuze hapo hapo na kukikausha kwa kitambaa, kwa sababu ukali ukibaki unaacha madoa. Kama ni cha bati lililopakwa rangi ya shaba, achana na ndimu, utaibandua rangi.

Madoa nayo. Foronya uliyoishona mwenyewe utaionea uchungu, kwa hiyo jua mawili. La kwanza, bizari ya manjano. Ikiingia kwenye kitambaa cheupe na ukaigusa na sabuni, inageuka nyekundu, na bi harusi mpya hushtuka akadhani ameharibu zaidi. Hujaharibu. Endelea kufua kwa sabuni, suuza, kisha anika doa likitazama jua kali. Jua ndilo linaloila bizari, siku moja au mbili utalitafuta usilione. La pili ni hina, na hiyo hatuna maneno mazuri ya kukuambia. Ikishakauka kwenye pamba haitoki kirahisi. Siku zile za mwanzo baada ya kupakwa, lalia foronya kuukuu ya rangi nzito, zile ulizozishona ziweke kwanza.

Na usikimbilie jiki kwa kila doa. Inachosha pamba, inaharibu nyuzi za darizi, na ukiichanganya na siki, ndimu au dawa ya choo inatoa moshi unaounguza mapafu. Tunasema hivi kwa sababu tumesikia wanaoelekezana kuchanganya "ili ipate nguvu". Nguvu hiyo itakukuta wewe.

Yule dada wa mapazia tulidhani hatutamuona tena dukani, na tusingemlaumu. Mwezi wa Shaaban uliopita alikuja, saa za mchana hakuna watu, na mtoto mgongoni. Akatusalimia kwa majina. Tulitaka kumuomba radhi na tukajikuta tunazungumzia meno ya mtoto. Mwisho ndiye aliyesema mwenyewe kwamba mapazia ameyashusha, anataka kumshonea mavyaa wake mito minne kwa ajili ya Ramadhani, sufi ameletewa kutoka shamba, kanga anazo. Akauliza marekani kiasi gani itatosha mifuko ya ndani. Tukahesabu pamoja juu ya meza, vipande vinane vya 43 kwa 43, viwili viwili kwa upana. Tukampimia mita moja na robo tatu. Tulitaka kumpa bure akakataa, akafungua pochi akalipa.